Shuka Jeupe la Jumapili

Shosho Pilar,

Tomás amepatikana. Nimetaka ulisikie hilo kwanza, kabla ya salamu, maana nakujua, ningeanza na habari za mvua ungenikatiza.

Binti yako Ana alinipigia nikiwa kwenye basi, natoka kazini Edmonton, hapa London. Wamefukua kaburi la pamoja huko milimani kwenu, wakalinganisha mifupa na yale mate uliyowapa ya kupima undugu, na mmoja wa waliozikwa humo ni kaka yako. Nilishuka kituo kisicho changu nikalia pale pale, watu wakinipita. Wewe ulituacha kiangazi. Kwa nini hukungoja kidogo tu, Shosho?

Nakuandikia kwa Kiswahili. Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuazima.

Unakumbuka nilipokuwa bado mgeni katika kazi ya kukutunza, nikafua sare yangu nyeusi na kuianika kwenye roshani? Wewe, ambaye kukutoa kitini ilikuwa ni kubembelezana, uliinuka bila fremu yako ya kutembelea ukaenda kuivuta ile sare. "Ondoa hiyo, ataona arudi alikotoka." Nikadhani ni uzee, nikakupikia chai. Ndipo ukanieleza kwamba vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, Tomás na wenzake walikataa kusalimu amri, wakaendelea kupigana milimani, na wewe, msichana mdogo, uliwapa habari kwa nguo za kuanika. Shuka jeupe, njooni, chakula kipo. Aproni nyeusi ya mama, askari wapo, kaeni huko huko. Mara ya mwisho ulianika aproni. Askari walipoondoka ukatoa shuka, lakini Tomás hakuja. Tangu hapo, hata huku London, kila Jumapili isiyo na mvua shuka lilikuwa nje.

Nami nikakwambia kwamba shosho yangu wa Nyeri alipeleka viazi msituni kwa wapiganaji wetu, amevificha chini ya kuni. Ulicheka mpaka meno yako ya bandia yakalegea. "Basi sisi ni ukoo mmoja," ukasema, ukaniruhusu nikuite Shosho, na tangu siku hiyo ukaanza kunigombeza kama mjukuu. Chai nyepesi. Nywele gani hizi. Na yule bwana wako, ulimtakia nini?

Nyumba inarudishwa kwa wenyewe mwisho wa mwezi. Jikoni bado kunanukia kitunguu saumu chako. Ana alikuwa anatupa matandiko yote, nikamzuia. Jumapili iliyopita nililianika shuka, nikakaa kwenye kiti chako hadi likakauka, halafu nikalikunja. Nakukosa, Shosho. Sikujua kazi ya kulipwa inaweza kumwachia mtu kilio cha namna hii.

Tomás atazikwa kando ya mama yenu, na majivu yako yatawekwa kaburi hilo hilo. Mtafika nyumbani siku moja. Nimeshaomba likizo. Nakuahidi nitakuwepo, na shuka lile nitalitandika chini ya Tomás kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwaheri, Shosho. Sare yangu bado naianika ndani, juu ya hita, kwa mazoea uliyonipa. Ila siku ya mazishi itabidi nivae nyeusi nje, mbele ya milima yote. Usigutuke. Tomás atakuwa ameshafika.

Mjukuu wako,
Wanjiru