Nyumba Niliyoielekeza Kwenye Upepo

Mtongwe, Likoni,
S.L.P. 412,
Mombasa.

Jumapili, 18 Machi 1962

Mpendwa dadangu Mwanarehema,

Assalamu alaikum. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Nyeri, wewe na shemeji Kombe na Ishaka wetu, pamoja na huyo aliye tumboni ambaye bado hatumjui jina. U hali gani? Miguu imeacha kufura? Na kifua cha Ishaka je? Nijibu haya kwanza, na unijibu kweli, kwa sababu majibu yako ya mwaka jana nina ugomvi nayo, kama utakavyoona.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Ramadhani tumeimaliza salama na Idi tumeisali. Mama goti linamsumbua akipanda feri, akaapa mbele yetu sote kwamba hatavuka tena kwenda mjini. Alhamisi akavuka kwenda kununua leso. Mke wangu Mwanasaumu anauliza kama ule ubani ulifika. Joto la mwezi huu ni la kukaangwa, milango tunaiacha wazi mchana kutwa na bado tunajipepea.

Kazi ninayo. Tangu Januari niko Port Reitz, ambako kontrakta mmoja anajenga nyumba za wafanyakazi. Mawe ni haya haya yetu ya matumbawe, lakini chokaa hawaitaki tena, wanataka saruji tu. Niliwaambia chokaa ndiyo iliyozoeana na jiwe hili, wakanicheka. Haya, watanikumbuka.

Huko nimekutana na mtu anayeitwa Absalom, na yeye ndiye sababu ya barua hii. Ni Mluhya wa Maragoli, mwashi kama mimi, mtu wa maneno machache. Amewajengea masetla wa Molo na Kinangop miaka kumi na miwili, nyumba za mawe za watu wanaoishi kwenye baridi. Tumepangwa ukuta mmoja, yeye pembe hii na mimi pembe ile. Mkono wake ni safi, nakiri, ingawa wiki ya kwanza sikupenda kukiri.

Siku moja katika Ramadhani tulikuwa tumeketi kivulini saa ya chakula, yeye anakula na mimi nimefunga, nikaanza kumsimulia nyumba niliyokujengea. Unanijua nikianza. Nilimweleza yale mawe ya kijivu ya kwenu, magumu hata patasi zangu mbili zikafa. Nikamweleza kuta za inchi kumi na nane, na lipu ya chokaa iliyosuguliwa mpaka ikang'aa. Nikamweleza matundu ya hewa, manane kila chumba, chini ya paa, kila moja nimelichonga kwa mkono. Tena nikamwambia kwamba siku niliyofika, jambo la kwanza nililomwuliza Kombe lilikuwa upepo unatoka wapi. Akanionyesha upande wa mlima, nami madirisha yote makubwa nikayaweka upande huo.

Absalom akaacha kutafuna. "Fundi, madirisha umeyaelekeza kwenye upepo?" Nikamwambia ndiyo, sasa ningeyaelekeza wapi? Akauliza dohani ya kutolea moshi iko ukuta upi. Nikamjibu kwamba dohani hakuna, jiko liko uani kama nyumba zote za watu. Akauliza tena, "Na dadako ana mtoto?"

Wallahi, Mwanarehema, swali lile lilinichoma. Nikakasirika. Nikamwambia nimeanza kujenga yeye hajajua kushika mwiko, na hakuna ukuta wangu uliowahi kupasuka. Akasema habari za kuta hakuziuliza. Nikainuka nikarudi kwenye pembe yangu.

Jioni hiyo, baada ya kufuturu, nikaenda kwa shangazi Dhahabu. Yeye ndiye aliyekuja kukaa nawe Agosti, Ishaka alipotoka hospitali, na aliporudi alituambia tu kwamba nyumba inapendeza na watu wanaisifu. Safari hii nikamwuliza wazi: Mwanarehema analala wapi? Akaanza kuzunguka. "Mwanangu, wataka nini na mambo ya mwaka jana? Mimi nimeapishwa." Nikamwambia kiapo hicho kafara yake nitalipa mimi. Ndipo akasema.

Akasema tangu Juni ya mwaka jana hujalala ndani ya nyumba yangu. Mnalala jikoni, wewe na mtoto, mkeka karibu na mafiga. Matundu umeyaziba kwa magunia, na mgeni akija unayazibua haraka ili aone nakshi. Unamkaribisha chumbani, unakaa naye huku sweta umeificha chini ya leso, akitoka unarudi jikoni mbio. Ukamwapisha shangazi kwa sababu, kwa maneno yako mwenyewe, "Kaka akijua itamvunja." Kisha shangazi akanitazama akasema, "Hata mimi nililala jikoni, Mwidani. Chumba chako kizuri, lakini mle walala upepo peke yake."

Nilirudi nyumbani nikaanza kuhesabu miezi. Nilijenga Januari na Februari ya mwaka jana, jua la kwenu linawaka, natoka jasho kama niko Likoni, na wewe ukivaa sweta jioni nilikucheka. Ishaka akashikwa na kichomi Julai, akalazwa wiki tatu. Nami nikakuandikia barua ndefu ya kukupa moyo, kwamba baridi ya Nyeri ni ya Mungu, usubiri. Baridi ni ya Mungu, sawa. Matundu manane ni ya Mwidani. Nimelia, nakwambia wazi, na Mwanasaumu alinikuta nikilia.

Lakini wewe pia una lako. Barua tatu umeniandikia tangu wakati huo, na katika zote tatu umeisifu nyumba. Nilizisoma msikitini, nilizisoma kazini. Ungeniandikia mstari mmoja tu, kwamba kaka, tunaganda, ningepanda gari la moshi siku ile ile. Umelinda jina langu ukamwacha mwanao akohoe. Sipendi kukugombeza katika hali uliyo nayo, ila hili limenikaa kooni na nimelitoa.

Kesho yake nilimwendea Absalom nikamtaka radhi. Alichukua kipande cha mkaa, akanichorea nyumba nzima kwenye ukuta ambao haujapigwa lipu, na kwa siku nne saa ya chakula nilikuwa mwanafunzi. Mtu wa miaka arobaini na sita!

Kwanza, anasema, nyumba ya baridi huupa upepo kisogo. Madirisha mawili ya upande wa mlima yazibwe kabisa kwa mawe, na moja lifunguliwe upande wa pili, ambako jua la alasiri linaingia. Matundu nayo yazibwe, yabaki mawili madogo ili chumba kipumue. Chini ya mabati itiwe dari ya mbao, kwani joto lote hukimbilia juu na bati halijui kuzuia kitu.

Kisha moto. Dohani itajengwa katika ukuta wa kati, unaotenganisha vyumba viwili. Mahali pa moto pasiingie sana ndani ya ukuta, na mbavu zake zipanuke kuelekea chumbani, ili joto litupwe kwa watu. Juu ya moto njia ya moshi ibanwe kama koo, halafu ipande wima mpaka ipite mgongo wa paa, la sivyo moshi utarudi. Ndani hujengwa kwa matofali ya kuchoma, kwa sababu jiwe likilambwa na moto moja kwa moja hupasuka. Lakini mawe ya ukuta unaozunguka hupata joto polepole, na moto ukishazimwa hubaki nalo hadi alfajiri. Miaka ishirini na tano nimelitumia jiwe kuweka nyumba baridi. Sikuwahi kufikiri kwamba lingeweza kutunza joto.

Shemeji Kombe, najua unasomewa barua hii huku cherehani inalia, basi isimamishe kidogo unisikilize. Tafuta matofali ya kuchoma mia tatu, na mbao za dari kwa vyumba viwili. Mawe usinunue, yatatoka hayo tutakayobomoa. Na jambo moja nakusihi sana: msiingize jiko la makaa chumbani mkafunga mlango na kuziba matundu. Absalom ameona watu wa nyumba moja hawakuamka kwa sababu hiyo. Wala usijaribu kuziba madirisha mwenyewe. Wewe shona nguo.

Tunakuja, mimi na yeye. Kontrakta ametupa ruhusa ya majuma matatu baada ya kumaliza safu tuliyo nayo sasa. Tutapanda gari la moshi Alhamisi tarehe 29, Nairobi tutabadilisha, na Inshallah Jumamosi tutakuwa stesheni ya Kiganjo. Tunataka dohani isimame kabla mvua ya masika haijakolea, kisha kuta zikauke mpaka Juni. Wewe utajifungua Julai, na Julai ndio mwezi wenyewe wa baridi.

Watu wa kwenu huko watanishangaa, kwa hiyo nawatangulizia habari. Safari hii fundi ni Absalom. Mimi nitakuwa mtu wake wa mkono, nitamkorogea udongo na kumpandishia mawe, na akisema pembe imepinda nitaibomoa. Ni mimi niliyemwomba iwe hivyo. Yeye alikataa mara mbili.

Mama anasema maneno mengine. Anasema nikuchukue nikushushe huku ujifungulie kwake, joto lipo la bure. Zamani ningempinga, kwa sababu ukishuka watu watauliza nyumba ya Nyeri ina nini. Sasa nimemwambia wewe na Kombe ndio wenye kuamua. Tukimaliza, tutawasha moto na utalala chumbani siku tatu na mwanao. Ukiona bado ni baridi, funga nguo zako turudi pamoja. Sitanuna wala sitakuuliza mara mbili.

Shangazi Dhahabu anakusalimu na anakuomba msamaha kwa kiapo. Usimkasirikie. Mama anakubusu na anambusu Ishaka machoni. Mwanasaumu anakusalimu, na Rama wangu anataka kujua kama ni kweli huko mtu akisema moshi humtoka mdomoni. Mpe salamu mwalimu wa chuo cha Kurani, na yule jirani yako mama Nduku aliyekuletea uji hospitali. Mungu awafunike kwa rehema yake, akulinde na uchungu wa Julai, na akupe mtoto mwenye mapafu ya kupiga kelele.

Mpaka tutakapofika, lala jikoni na Ishaka. Magunia yaache palepale kwenye matundu, usiyatoe tena kwa ajili ya mgeni yeyote. Na akija mtu akakuuliza kwa nini mwenye nyumba ya mawe analala jikoni, usimtafutie sababu. Mwambie kakangu alikosea.

Ni mimi nduguyo nikupendaye,

Mwidani