Ncha ya Pili ya Shuka

Kwa mdogo wangu wa pekee,

Pokea salamu zangu. Ni nyingi, lakini kwa jinsi ulivyoondoka, chukua nusu kwanza. Nusu iliyobaki nitakupa ukinijibu. Hujambo huko? Chumba chako kinapata hewa? Nasikia hospitali mnayoifulia ni kubwa, na mashine zenu zina milango kama ya benki. Huku sisi wazima. Mama anakuulizia kila akishika kikombe cha chai, na ananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekuficha.

Sitaki kuanza na lawama, lakini lawama zenyewe zimetangulia mlangoni. Ulinipigia simu ukiwa umeshafika. Dada mtu mzima, niliyeanza udobi na karai moja na pasi ya mkaa, nikaambiwa habari ya kuondoka kwako kama mteja anayeambiwa duka limefungwa. Haya, yamepita. Nasema yamepita, ila bado yamekaa sebuleni.

Unajua mwenyewe kwamba shati hukunjwa na mtu mmoja, lakini shuka la hoteli ni kazi ya wawili: mmoja huku, mmoja kule, mnalikung'uta, mnakutana katikati, mnarudi nyuma, mnakutana tena. Baada yako nilijaribu wasichana. Mmoja alivuta kama anayegombania urithi. Mwingine alikuwa na mchumba kichwani, ncha zinamdondoka. Nikasema basi, binadamu nimewachoka. Yule mteja wetu wa mashati ya bluu, mwalimu wa chuo kikuu, alipokuja kuchukua nguo zake nikamuuliza kama huko chuoni hawana mtu wa kunitengenezea mashine ya kushika ncha ya pili. Nilisema kwa hasira zaidi kuliko kwa akili. Yeye akaniambia kwamba anao wanafunzi wa uzamili wa uhandisi wanaotafuta mradi wa kuhitimu, na kwamba sharti lake kubwa ni kupata mteja wa kweli mwenye shida ya kweli.

Basi mimi, ambaye chuo nilikijua kwa kupeleka mapazia tu, nikawa mteja wao.

Walikuja watatu. Kiongozi wao msichana, tulimwita Miwani. Wa pili mrefu mpaka anainama kwenye kamba za nguo, tukamwita Mlingoti. Wa tatu hakufungua kinywa wiki nzima, kwa hiyo mama wa pasi, ambaye bado ananyoosha nguo pale kwenye kona yake, akampa jina la Redio. Walipima kila kitu: meza, dirisha, urefu wa mkono wangu. Nikawauliza kama wanatengeneza mashine au jeneza. Kisha tukaandikiana mashine itafanya nini: mashuka mia na ishirini kwa saa, mtu mmoja upande huu, mashine upande ule. Miwani alinieleza kwamba siku ya mwisho walimu watakuja kuipima mbele yangu, na isipofikia walichoandika, hawahitimu. Nikatia saini kwa herufi kubwa. Nakwambia kweli, nilipokuwa natia saini nilikuwa nakuona wewe, na nilikuwa nakufuta.

Ili mashine ijue kazi, ilibidi inione nikifanya. Walinibandika vishanga vyeupe kwenye vifundo, viwiko na mabega, wakaweka kamera pembeni, na Mlingoti akashika ncha ya pili. Ilikuwa mchana ule ambao jua linapita kwenye bati la plastiki, mvuke wa pasi unapanda taratibu, na kila kitu kinaonekana kama kiko chini ya maji. Nikakunja mpaka nikasahau kwamba natazamwa. Baadaye Miwani akanionyesha kwenye kompyuta, na mdogo wangu, sijui nikuelezee vipi. Mimi sikuwepo. Palikuwa na giza, na ndani ya giza nukta za mwanga zenye umbo langu. Mlingoti walikuwa wamemtoa kwenye picha, shuka nalo halionekani. Nukta zile zinanyanyua mikono, zinakung'uta hewa, zinasimama, zinakwenda mbele kukutana na mtu ambaye hayupo, zinarudi. Nilikaa naitazama kama mtu anayejitazama akiwa usingizini.

Miwani akanitoa kwenye ndoto. Aliniuliza kwa nini kila nikishakung'uta nasimama kidogo kabla ya kwenda mbele. Sekunde moja na nusu, na kwa kila shuka nafanya hivyo mara mbili. Nikamjibu kwamba nasubiri hewa itoke. Akaniambia, kwa adabu, kwamba wamepima, na hewa huwa imeshatoka. Nikapiga hesabu kichwani kabla hajaifikia kwenye kompyuta: bila kusimama, shuka moja ni sekunde thelathini, nikisimama, thelathini na tatu. Mashuka kumi na moja yanapotea kila saa. Unanijua na hesabu. Nikamwambia akiondoe kisimamo hicho, nimekuwa nikijiibia mwenyewe miaka yote.

Wakaijenga. Fremu ya alumini, mikono miwili mirefu yenye vibanio vya mpira, na mota inayonguruma kama paka aliyeshiba. Mama wa pasi akaiita Shemeji. Alisema hatimaye nimepata mwanamume wa maana, hali, haulizi nilikuwa wapi, na anashika shuka anapoambiwa. Ikijaribiwa, Redio ndiye aliyekuwa akisimama upande wangu, mimi nikiwa na wateja. Ilikwenda vizuri ajabu. Vitambaa vyeupe vinafumba na kufumbuka mchana kutwa, kama mbawa, mpaka wapita njia wanasimama dirishani.

Siku ya mwisho alikuja mwalimu wetu wa mashati ya bluu na walimu wengine wawili. Redio akajiweka mahali pake. Mmoja wa wale wageni, mama mwenye mvi, akauliza mtumiaji wa mashine ni nani. Akaonyeshwa mimi. Akasema basi ashike yeye. Hapo nikaona uso wa Miwani ukibadilika, kwa kuwa miezi yote ile hawakuwahi kunijaribu mimi pamoja na mashine yangu mwenyewe.

Nikashika. Tukakung'uta. Na kabla sijanyanyua mguu, Shemeji alikwishaondoka na shuka, likanichomoka vidoleni, likaanguka sakafuni. Tukarudia. Likachomoka tena. Mara ya tatu nikajiambia usisimame, mwanamke, usisimame, na mikono yangu ikasimama. Mlingoti alikuwa anatazama viatu vyake. Yule mama mwenye mvi akashika kalamu, na akauliza, bila ukali, hitilafu iko wapi.

Nikasikia sauti yangu ikimjibu kwamba mashine haina hitilafu. Nikamwambia nina mdogo wangu, bega lake la kushoto lilitoka alipokuwa mtoto na likarudishwa vibaya, na akishakung'uta shuka lazima ashushe mkono na kubadilisha mshiko, ndipo aje. Nikamwambia hatujawahi kulizungumza. Nilikuwa namsubiri tu. Nikamwambia ameondoka, na mikono yangu haijapata habari.

Kisha Miwani akainama kwenye kompyuta, akabadilisha namba moja, akaniomba nishike tena. Tukakung'uta, mimi na alumini. Ikasimama. Mkono wake ukabaki hewani kidogo, vile vile, halafu ukaja. Nilitazama juu kwenye bati kwa sababu ya mambo ya macho.

Mwalimu wa mashati ya bluu alinikumbusha kwamba sasa inatoa mashuka mia na tisa, si mia na ishirini tuliyoandika, na kwamba ikipungua hivyo neno la mteja ndilo linaloamua. Mimi, ninayerudisha sabuni dukani ikipungua gramu. Nikasema naikubali. Wamehitimu wote watatu. Redio alinishukuru kwa sentensi nzima.

Sikuandiki ili urudi. Kazi yako ni nzuri, na Shemeji anatosha. Ila tangu siku ile kuna jambo linanizuia kulala, na ndilo hasa lililonishikisha kalamu: huko uliko, huyo mnayeshika naye shuka, anakusubiri? Kama hakusubiri, mwambie. Ukiona haya kumwambia, niandikie jina la kituo cha kushukia, nitafunga duka nije nimwambie mimi.

Mama anakusalimu, mama wa pasi pia, na Shemeji angekusalimu kama angejaliwa mdomo. Ile nusu ya salamu niliyoizuia, chukua tu.

Ni mimi dada yako,
ambaye bado amekasirika.