Mahakama Ilimtaka Mzazi, Nikamtuma Mjomba

Jumatano, Newala

Nacheka peke yangu, na hasira bado ninayo.

Wito ulimtaka mzazi. Nikamtuma kaka yangu, maana kwetu Wamakonde jambo zito la mtoto ni la mjomba wake, na mimi nina wabanguaji korosho kumi na wawili wa kusimamia. Binti yangu Zuhura, miaka kumi na sita, alikamatwa akiendesha pikipiki yangu bila leseni. Niliogopa kesi isije ikamkosesha mtihani wa kidato cha nne.

Asubuhi kaka akapiga simu. Hakimu amemwambia, "Mjomba nakuheshimu, ila namtaka aliyemzaa."

Nikasimamisha kazi, nikaenda. Chumba kidogo, mlango umefungwa kwa kuwa ni kesi ya mtoto, hakimu hana hata joho.

"Mama Zuhura, funguo za pikipiki hukaa wapi?"

Hukaa kwenye msumari, sebuleni, kila mtu anaziona. Lakini swali hilo liliniuma. Nimemlea peke yangu, baba yake yuko Tandahimba anakula raha, na hakuna aliyemuuliza yeye kitu.

Afisa ustawi wa jamii akamsemea Zuhura vizuri. Hakimu akampa onyo, akanikabidhi mimi nimwangalie.

Kaka hakukubali kuachwa. "Na mimi je, mheshimiwa?"

"Wewe mwangalie mama yake."

Hata karani alicheka.

Nikizembea nitaitwa tena, hilo linanitisha. Ila mwanangu hana kesi. Kesho anakwenda shule. Kwa miguu.