Mwalimu Ananishukuru kwa Gari Nililomuuzia

Mpendwa Bibi Mshauri, naomba msaada wako kabla ya Sabato ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo nitashukuriwa mbele ya kanisa zima na moyo wangu haukubali.

Mimi ni mwuzaji katika duka moja la magari hapa Kisii mjini, na mwaka jana, 1971, tuliletewa magari sita madogo ya Kiingereza, mafupi kabisa, magurudumu yake kama ya toroli, na mkubwa wangu akasema, "Uingereza haya yananunuliwa kama njugu, na Nairobi pia, kwa nini hapa yakae?" lakini yalikaa, miezi minane tuliuza moja tu, kwa karani wa mjini, na mimi nilijua sababu ila sikuthubutu kuisema, kwamba huko mtu huenda ofisini peke yake juu ya lami, na huku kwetu gari ni la mama, watoto, jirani, gunia la mahindi na mkungu wa ndizi, tena kwenye mlima wa udongo mwekundu, na watu wetu wanalitaka lile la injini nyuma lenye mgongo wa kobe, kwa sababu wameliona likipanda.

Sasa, Bibi, akaja Mwalimu Onchiri wa Ikonge, aliyenifundisha kusoma, akiwa njiani kwenda duka la pili kununua hilo la mgongo wa kobe, akaingia kwetu kunisalimu tu, nami nikamkalisha, nikamsifia letu jinsi lisivyonywa petroli, akaniuliza, "Mwanangu, mlima wetu litauweza?" nikajibu, "Mwalimu, hata Ulaya kuna milima," akacheka, akanunua, kwa sababu ni mimi niliyesema.

Aprili mwaka huu mkewe, Mama Persis, alishikwa na uchungu wa kuzaa kabla ya siku zake, alasiri mvua ikinyesha, Mwalimu akampakia waende hospitali, na mlimani, karibu na kituo cha kuuzia majani ya chai, gari likalalia tumbo kwenye matope, magurudumu yakawa yanazunguka hewani, mama analia, Mwalimu amechanganyikiwa, ndipo jirani yao Obwocha akaacha kikapu chake cha majani, akaliangalia akapaza sauti, "Hili si gari, ni kikapu! Njooni tulibebe!" na yeye na wenzake saba waliokuwa kwenye foleni ya chai wakaliinua na mama akiwa ndani, wakalipandisha mpaka penye changarawe, na mtoto wa kiume akazaliwa salama hospitalini, namshukuru Nyasae, Mungu wetu, usiku na mchana.

Wiki iliyofuata Mwalimu alikuja dukani, akanishika mikono yote miwili, akasema, "Mbuya mono, asante sana, mwanangu! Lingekuwa gari zito, nani angelibeba?" na mtoto amempa jina langu, na Sabato hiyo ananiita nisimame kanisani, na habari imeenea hata walimu wawili wa Birongo watakuja Ijumaa kununua ya namna hiyo hiyo, mkubwa wangu anafurahi kama harusi, nami najua lile la mgongo wa kobe labda lisingekwama kabisa. Nikisema nitamvunja moyo Mwalimu na kupoteza kazi, nikinyamaza napokea shukrani nisizostahili. Nifanyeje?

N.A., Kisii

JIBU

Kijana wangu N.A., pole, na hongera kwa wajina wako. Mama yu hai, mtoto yu hai. Hilo lishukuru kwanza, maana barua yako imejaa wewe mno.

Sasa nikukaripie. Mwalimu alikuuliza habari za mlima wa Ikonge, ukamjibu habari za Ulaya. Hukusema uongo, lakini ulijua alichokuwa anauliza. Gari halina kosa. Limetengenezewa watu wa lami, na kwa karani wa mjini bila shaka linatembea vizuri mpaka leo. Kosa ni lako, uliyewajua watu wako na njia zao na ukafunga mdomo.

Mkubwa wako mweleze hayo uliyonieleza mimi, maana hajui, na huenda hakuna aliyewahi kumwambia. Walimu wa Birongo wakija Ijumaa, waulize njia yao ikoje, nani atapanda na nini kitapakiwa. Kisha wapande watu sita ndani yake, waliendeshe mlimani wenyewe kabla ya kutoa hata senti. Ukifukuzwa kwa hilo, utatafuta duka lingine.

Kwa Mwalimu, nenda kabla ya Sabato. Mkute shambani, si mbele ya mkewe wala wageni, umwambie, "Mwalimu, uliniuliza na sikukujibu." Jitolee kumtafutia mnunuzi wa mjini. Nadhani atakuita unywe chai. Mtu aliyekuvumilia ulipokuwa hujui kusoma ana subira kuliko unavyodhani.

Na kanisani simama. Usikatae shukrani, ni kumwaibisha anayezitoa. Zipokee, kisha mwite Obwocha na wale saba wengine mmoja mmoja kwa majina yao, wasimame nawe. Kama huyajui majina yao, ndiyo kazi yako nyingine huko Ikonge.

Panda basi la Alhamisi asubuhi. Usitume mtu, wala usimwandikie Mwalimu barua. Umeshaniandikia mimi, inatosha.