Nakala Niliyoiacha Wazi

Mpendwa Mshauri, naomba unisaidie, maana nina shukrani iliyonikwama kooni, haimezeki wala haitoki.

Mimi ni karani wa masjala katika kliniki ya wazazi, huu ni mwaka wangu wa kwanza kazini, na kila mwisho wa mwezi hupiga kile tunachokiita picha, yaani nakala ya daftari lote la kompyuta jinsi lilivyo saa hiyo, ili iwekwe kwenye hifadhi, na kompyuta huniuliza kama nataka picha ya kusomwa tu au inayoandikika, nami kwa kuogopa makosa nikachagua inayoandikika, nikijiambia kwamba nikikosea nitapata pa kurekebisha. Siku moja nikaifungua nikidhani niko kwenye daftari la kila siku, nikasahihisha tahajia za majina ya watoto arobaini na mmoja, nikajipongeza.

Wiki iliyopita daftari la kila siku likaharibika, tukarudi kwenye hifadhi, kwenye picha ileile yangu, na asubuhi hiyohiyo akaja mama mmoja kuchukua cheti, akakitazama, akasema, "Jina la mwanangu lina 'a' mbili, karani. Ni jina la marehemu mama yangu, nililiandika kwa mkono wangu." Fundi wetu wa kompyuta, tunayemwita Kufuli kwa jinsi anavyofunga kila kitu, akafungua picha aliyoipiga mwenyewe siku moja na yangu, ya kusomwa tu, na 'a' mbili zilikuwepo. Mama alilia kwa furaha, mkuu wa masjala akanisifu mbele ya watu kwa kutunza kumbukumbu, akidhani picha ile ni yangu, na nilipomtazama Kufuli akaninong'oneza, "Tulia, mdogo wangu. Yameisha." Namshukuru mpaka naona haya kumtazama. Je, ninyamaze, au niseme nifukuzwe?

Karani Mwoga

Mdogo wangu, pole, na hongera kwa kupata mwenzako wa aina hiyo. Lakini yameisha kwa nani? Mama mmoja kapata 'a' yake. Wengine arobaini hawajui kwamba umewabadilishia watoto majina.

Umesoma, sikatai, ila hapa usomi ulikuponza. Tahajia ya jina la mtoto ni ile aliyoitoa mzazi, basi. Na hifadhi inayorekebishika ni daftari la pili la kukosea. Ulijiachia mlango wa kutorokea, ukaingia kwa mlango huohuo kuharibu.

Kesho asubuhi mwambie Kufuli kwamba utasema, asije akashtukizwa. Kisha muone mkuu, uende na orodha ya majina, machozi uyaache nje. Linganisha picha yako na ya fundi, jina kwa jina, urudishe kila herufi. Kuanzia sasa, ya kuhifadhi iwe ya kusomwa tu. Ukiona kosa, toa nakala pembeni, sahihisha hiyo, andika nani kabadili na lini. Ya asili usiiguse.

Kwamba hutafukuzwa, siwezi kukuahidi. Ila mkuu akiletewa kosa pamoja na dawa yake, mara nyingi hukemea yakaisha. Fundi keshakuokoa wewe. Mlipe kwa kuwaokoa hao arobaini kabla hawajafika dirishani.