Lori Lisilotakiwa Kung'aa

Gereji ya Ustad Bashir,
Nyuma ya stendi ya Pirwadhai,
Rawalpindi.
19 Agosti 1996

Mpendwa Mjomba Nizar Wali,

Asalaam aleikum. Nakubusu mkono kutoka huku mbali. Goti lako linaendeleaje? Na Mama Gulnaz, macho yake yamepata nafuu? Aprikoti zimekauka salama mwaka huu? Mimi ni mzima, ila kifua kinakereketa kwa vumbi la msasa, na mvua ya huku hainyeshi, inamwagwa kwa ndoo.

Kofia ya sufu nimeipata. Kwa joto hili naivaa Ijumaa tu, na hata hapo natoka jasho kama nimebeba gunia.

Barua yako pia nimeipata. Unasema nirudi kabla theluji haijafunga njia ya mlima wa Lowari, nije nisimamie kinu chako cha unga, kwa sababu huku namaliza ujana nikikwangua rangi za malori ya watu. Mjomba, nakuheshimu, lakini sirudi. Usiikunje barua kwanza. Soma.

Kuna mzee anaitwa Haji Sarwar, dereva aliyestaafu. Lori lake lilikatwakatwa likauzwa vyuma chakavu. Akaja kwetu akitaka tumtengenezee mfano wake, mdogo wa kukaa kwenye rafu, wenye kila ua na kila tausi aliyechorwa mlangoni. Wachoraji walifurahi mpaka alipotoa sharti: lising'ae. Alitaka lori alilolijua yeye, linaloingia nyumbani kutoka Quetta na vumbi mpaka kwenye nyusi.

Gereji nzima ilicheka. Hapa lori lisilong'aa ni kama bwana harusi aliyekuja bila kunyoa. Wakachora maua na tausi, lakini hakuna aliyetaka kupaka vanishi ya mwisho. Nikasema nitapaka mimi.

Ustad Bashir akanitazama juu mpaka chini. "Wewe Mchitrali wa milimani, mtu wa msasa? Haya. Mzee akilipokea, utakaa na wachoraji. Akilikataa, unarudi kukwangua, na habari ya brashi nisiisikie tena kinywani mwako."

Sasa ujue, Mjomba, vanishi isiyong'aa ina ukaidi wake. Mara ya kwanza niliipuliza, ikakauka, kilori kikang'aa kama kijiko kipya. Nilifikiri nimeuziwa kopo silo. Kumbe unga unaoua mng'ao ulikuwa umelala chini ya kopo, na mimi nimechota juu juu. Nikakoroga polepole kwa kijiti mpaka chini kabisa, bila kutikisa, maana ukitikisa unaleta mapovu.

Mara ya pili nilipuliza siku ya mvua, kwa pupa yangu. Unyevu ukaingia kwenye vanishi, tausi wote wakawa weupe kama wamepakwa majivu. Tufail, mchoraji mwenye ulimi mrefu kuliko wote, akaita watu waje waone. "Mchitrali, umelimwagia unga wa chapati?"

"Nakuandalia wewe," nikamjibu, "unayeshinda unakula huku brashi iko mkononi."

Walitaka nikikwangue chote, waanze upya na vanishi yao inayong'aa. Nikakataa. Nilingoja siku kavu, nikakipitishia tabaka jembamba la vanishi ya kawaida. Ule weupe ukamezwa, tausi wakarudi. Kilipokauka, nikapuliza isiyong'aa, nyembamba, mara mbili. Kikatoka kama kimetembea barabarani siku nzima.

Kesho yake pua na milango vilikuwa na mabaka yanayong'aa. Nikapuliza tena. Asubuhi, mabaka yale yale. Mjomba, nilitaka kulia. Nililaumu kopo, nikalaumu bomba la kupulizia, nikamlaumu Tufail mpaka tukakaribia kushikana mashati.

Ndipo asubuhi moja nikawahi kufika kazini, nikamkuta Ustad mwenyewe. Amesimama mbele ya kilori, anasema bismillahi, anakifuta kwa ncha ya shuka yake ya begani, kama anavyofuta kila lori linalotoka kwetu. Vanishi ile uso wake una vichembe kama ulimi wa paka. Ukisugua unavilaza, na vikilala panang'aa.

Nikamwambia, "Ustad, ni wewe."

"Kifutwe vumbi," akasema. "Watu wataona jina langu pale nyuma, watasema Bashir amefilisika."

"Hilo vumbi ndilo kazi. Ukiligusa tena, nafuta jina lako pale nyuma."

Alinikasirikia hadi shingo ikavimba. Lakini mkono aliuficha ndani ya shuka. Nikapuliza mara ya mwisho, nikakifunika kwa sanduku.

Alhamisi Haji Sarwar akaja. Alikizunguka, gereji nzima ikiniangalia. Halafu akalamba kidole gumba, akakipeleka kwenye kioo cha mbele apafute. Nikamdaka mkono. "Toa kidole! Usiguse gari!"

Ustad akasema astaghafirullah. Kumfokea mzee, tena haji, tena mteja! Mimi sikuuachia ule mkono.

Mzee akautazama, akaanza kucheka mpaka akakaa juu ya tairi. "Hivyo hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiwafokea watu kwenye kila mgahawa wa barabarani. Nifungie, nakwenda nacho."

Ustad hakunisifu. Alisukuma kigoda kwa mguu mpaka kando ya Tufail, akasema, "Sogea." Tufail akanung'unika nisimletee vumbi langu, lakini alisogea. Sasa nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya kigoda hicho, mgongo unauma, na siondoki. Kinu mpe Rahmat aliye hapo nyumbani, yeye anakipenda.

Nisalimie Mama Gulnaz, Rahmat na mkewe Shahnaz, na babu Mir Azam umsomee kwa sauti kubwa. Mungu awape baridi ya huruma na kuni za kutosha.

Ni mimi mpwa wako, nakupenda na sirudi,
Sher Nawaz