Mtu wa Arubaini

Dameski, mwanzoni mwa Rajabu, mwaka 561

Kwa baba yangu, Sheikh Badran bin Rafii, khatibu wa Kafr Sanad,

Naibusu mikono yako na kukuombea afya. Sisi huku tu wazima. Mke wangu Sutaita anakusalimu, na kikohozi kilichomsumbua majira ya baridi kimekwisha. Nieleze hali ya magoti yako, na kama bado unapanda paani mwenyewe kuadhini.

Surur mhunzi amefika na watu wote wa nyumba yake. Alikuwa amempakia punda fuawe zima hata mgongo wa mnyama ukachubuka. Nilimpokea langoni kama ninavyowapokea wote watokao kwetu, na Ijumaa alisali safu ya pili. Alilia aliposikia khutba ikisomwa bila mtu kuchungulia mlangoni.

Baba, ninalolifundisha darasani nakwambia na wewe kwa adabu ile ile. Mwislamu anayekaa chini ya Wafaranji, hawa wa msalaba waliotoka ng'ambo ya bahari, hali ana uwezo wa kuondoka, anaipa dola yao jasho lake na heshima yake. Anawalimia, anawalipa kodi ya kichwa, na watoto wake hujifunza kuinamisha shingo kabla hawajajifunza kusoma. Vita hivi vimepita miaka sitini, na sioni kwamba wewe na jembe lako mtavimaliza. Hapa mlimani pana nyumba yenye vyumba viwili na mtini uani. Chumba kimoja ni chako. Njoo kabla ya mavuno, wakati njia haina askari wengi.

Mwanao,
Mufarrij


Kafr Sanad, Shaabani 561

Kwa mwanangu Mufarrij, Mungu amhifadhi,

Salamu zako zimenifikia pamoja na sukari, nami nashukuru kwa vyote viwili. Magoti yangu ni mabovu na paani napanda. Msalimu Sutaita, umwambie anywe maji ya zaatari hata kama kikohozi kimekwisha.

Umeandika vizuri, lakini umeruka hatua. Hijra humlazimu asiyeweza kuidhihirisha dini yake. Anayeweza haimlazimu, na wapo waliosema kwamba kukaa kwake ni bora, kwa kuwa mahali alipo panabaki kuwa pa Uislamu kwa sababu yake. Dini yetu hapa inadhihirika kwa Ijumaa. Mtu aweza kusali peke yake hata ndani ya pipa. Ijumaa haisaliwi mafichoni. Kwa hiyo kauli yangu ni hii, uiweke: maadamu Ijumaa imesimama, nakaa. Ikianguka na isiinuke, nitafunga mizigo nije kukaa chini ya mtini wako, wala sitatafuta udhuru.

Sharti lake unalijua, nilikufundisha ukiwa hujafika kiunoni kwangu: wanaume arubaini, baleghe, huru, wakaazi wa mahali hapo, wanaoisikia khutba. Ulipoondoka tulikuwa hamsini na wanne. Baada ya Surur tumebaki arubaini kamili, mimi nikiwamo, na mzee Hilal akiwamo, ambaye sikio lake moja limekufa na la pili li mahututi. Kila wiki namkalisha chini ya mimbari, nikimaliza namuuliza mbele ya watu, "Hilal, umesikia?" Juzi alijibu, "Nimesikia, na ni ile ile ya mwezi jana." Nimemhesabu.

Sasa lielewe hili. Kila unayempokea langoni, umemng'oa katika safu yangu. Bwana Renier, mwenye ngome, hajaweza kuifunga Ijumaa kwa upanga. Usimsaidie kwa darasa.

Naye amejaribu. Wiki hii alimtuma mkalimani wake, Tuma, Mkristo wa hapa hapa ambaye babu yake alisoma hesabu kwa babu yangu. Alikuja na uso wa mtu aliyetafuna ndimu.

"Sheikh Badran, Bwana anasema kila Ijumaa ngano iko uwanjani na watu wako msikitini. Anataka jambo hilo liishe."

"Mwambie ngano haijawahi kukimbia."

"Hilo silitafsiri mimi."

"Basi litafsiri upendavyo, maana yake ibaki."

Akashusha sauti. "Mzee wangu, amesema atakayesimama kuhutubu atakatwa mguu. Na alipolisema hakuwa amelewa."

Nikamjibu kwamba suala hilo lilikwisha kutatuliwa zamani: asiyeweza kusimama huhutubu ameketi, na khutba yake ni sahihi. Tuma alinitazama, akapiga ishara ya msalaba, akasema, "Wallahi, nyinyi watu ni wagumu."

Baba yako,
Badran


Dameski, mwisho wa Ramadhani 561

Baba yangu,

Nakusalimu kwa heshima na kukutakia Idi njema. Sisi hatujambo. Sutaita ni mjamzito, nilitaka uwe wa kwanza kujua.

Sijapata barua yako tangu Shaabani. Jana mwuza sabuni mmoja wa Nablusi alisema jambo sokoni kuhusu wewe na mguu. Nilimwambia ni mwongo, mbele ya watu, na nikamrudishia sabuni yake. Niandikie mstari mmoja tu kwamba nilikuwa na haki.

Mwanao,
Mufarrij


Kafr Sanad, Shawwali 561

Mwanangu Mufarrij,

Amani iwe juu yako, na juu ya Sutaita na alichokibeba. Habari yake imenipa furaha ambayo sikuitazamia mwaka huu.

Mwombe radhi mwuza sabuni. Ni mguu wa kulia. Sasa nahutubu nimeketi.

Hutaki maelezo, kwa hiyo nitakupa yale tu yanayoingia katika hoja. Ilikuwa baada ya khutba, uwanjani, mbele ya watu. Walichoma jeraha kwa mafuta ya zeituni yanayochemka. Yalikuwa mafuta ya mizeituni yetu ya bondeni, nami sina malalamiko juu ya ubora wake. Tuma ndiye aliyenishika mabega. Alilia zaidi yangu, nikalazimika kumnyamazisha.

Ijumaa mbili watu walisali Adhuhuri tu, kwa kuwa sikuweza kuinuka. Ya tatu walinibeba juu ya mlango walioung'oa nyumbani kwa Surur, maana yeye hauhitaji tena. Nikahutubu nikiwa juu yake. Nilipomuuliza Hilal kama amesikia, alisema, "Leo vizuri zaidi, Sheikh. Umeshuka karibu na sikio langu." Watu walicheka msikitini, na sikuwakataza. Kijana mmoja wa ngome alikuwa mlangoni na mkuki. Hakujua tunacheka nini, akaondoka.

Bwana Renier hajatuma mtu tena. Nadhani anahesabu kama ninavyohesabu, kwa sababu alichokitafuta kimemjia kwa njia nyingine. Muqbil mfumaji ameondoka na watoto wake. Alikuja kuniaga, hakuweza kutazama chini. Nilimwambia, "Nenda, sikulaumu, ila mwambie mwanangu umetuacha tukiwa wangapi." Kama hakukwambia, nakwambia mimi: thelathini na tisa.

Baba yako,
Badran


Dameski, Dhulhija 561

Baba,

Nakusalimu. Nimerudi salama kutoka kwako na mke wangu ni mzima. Nimekaa siku nyingi bila kuandika kwa kuwa kila nilichoanza kukiandika kilikuwa hakimfai mwana kumwandikia baba yake.

Nilisafiri katika nchi ya maadui kwa jina la mchuuzi wa uzi. Nilikuta nusu ya kijiji ni milango iliyofungwa kwa miiba. Nilikuosha jeraha kwa mikono yangu. Na Ijumaa, nilipokaa safu ya kwanza, niliona wazee wakinihesabu kwa macho, wakifika arubaini, wakitabasamu. Nilitabasamu nami. Miaka yote niliyofundisha Dameski sijapata kujiona nina faida kama dakika ile.

Kisha ukasema, ukiwa juu ya ule mlango, kwa sauti ambayo hata Hilal aliisikia: "Sisi ni thelathini na tisa. Huyu ni mgeni. Simameni tusali Adhuhuri." Mgeni, Baba, katika msikiti ambao mkeka wake niliusuka mimi. Hilal aliniuliza, "Kwani wewe si mtoto wake?"

Nilikuaga kwa adabu. Hapa naandika kwa adabu vilevile, lakini kwa uwazi. Uliweka kauli, nami nimeihifadhi: Ijumaa ikianguka, utafunga mizigo. Imeanguka. Uliiangusha mwenyewe, mbele yangu, wakati ungeweza kunyamaza. Nyumbu nitamtuma baada ya Idi. Mlango wa Surur uache huko.

Mwanao,
Mufarrij


Kafr Sanad, Muharramu 562

Mwanangu,

Amani na rehema ziwe kwako. Jeraha limekauka na sasa natembea kwa magongo mawili. Mafundi wetu wamekwisha, kwa hiyo moja ni refu kuliko jingine. Msalimu Sutaita. Mpaka ajifungue, asibebe maji.

Umeninukuu nusu. Niliandika, "ikianguka na isiinuke." Imeanguka, ndiyo. Kwamba haitainuka, hilo hujalithibitisha, na nyumbu wako si ushahidi.

Kuhusu aibu, nitakujibu kama ningemjibu mtu yeyote, kisha nitakujibu kama baba. Alhamisi ulisali nyumbani kwangu, pembeni ya jiko. Alasiri ulisali rakaa mbili. Mkaazi husali nne, anayepunguza ni msafiri, nawe ulipunguza kwa haki, kwa sababu nyumba yako iko Dameski na nia yako ilikuwa kurudi. Ulijitoa mwenyewe katika hesabu yangu siku moja kabla sijakutoa. Ningekunyamazia, watu thelathini na tisa wangeiacha Adhuhuri yao kwa ajili ya Ijumaa isiyokuwapo, nami ningekuwa nimempa Bwana Renier kile ambacho hakukipata kwa shoka: Ijumaa ya uongo.

Na kama baba: nilipokuona safu ya kwanza, nilihesabu mara mbili. Mara ya pili haikuwa ya lazima.

Tuma alikuja juzi. Alisema, "Bwana amefurahi kwamba umeacha."

"Sijaacha. Natafuta mtu."

"Mtu gani?"

"Wa arubaini."

Akakaa juu ya ngazi, akafikiri. "Ningesilimu nikusaidie, Mzee, lakini mama yangu angeniua kabla Bwana Renier hajapata zamu." Kisha akasema, bila mzaha, kwamba Bwana ameapa: Ijumaa ikirudi, atauchukua mguu wa pili. Nilimjibu kwamba kuketi nimekwisha kujifunza.

Sikuombi uje. Ukaazi ni nia, na nia iliyoombwa huwa na kasoro. Wala usinitumie mwanafunzi wako yeyote, kama nilivyosikia unafikiria. Wageni ninao wa kutosha, wanne wako ngomeni. Kila Ijumaa nitabebwa msikitini, nitawahesabu watu, na wakipungua tutasali Adhuhuri. Nitafanya hivyo mpaka wawe arubaini au mpaka niwe sibebeki. Fundisha darasani kwako unachokiamini. Ila ukiwafundisha, waambie na hili, kwamba kipo kijiji ambacho mtu mmoja tu ndiye anayekosekana.

Nyumbu usimtume.

Baba yako,
Badran


Njiani, chini ya Banyasi, Safar 562

Baba yangu,

Naibusu mikono yako. Barua hii naipeleka mbele na mwuza sabuni, ambaye nimemwomba radhi na amenisamehe kwa bei ya miche sita. Sisi ni wazima, tumelowa tu.

Nasema "sisi". Darasa nimemwachia mwenzangu. Nilipoaga, mwanafunzi mmoja alinyanyua mkono: "Sheikh, si ulitufundisha kwamba haifai?" Nilimwambia nilichofundisha kina sharti, na sharti hilo nilikuwa sijalihesabu vizuri. Surur alikaa mlangoni akisikiliza. Jioni alikuja kuniuliza kama mlango wake bado mzima. Sijui maana yake nini, nami sikuhesabu chochote juu yake.

Nyumba yenye mtini nimeiuza. Nyumbu amebeba matandiko, sufuria, na mawe ya kusagia ya Sutaita, yote mawili, la juu na la chini. Nilimsihi ayaache, mawe yapo kwetu. Akasema, "Baba yako ni mtu wa ushahidi. Mgeni hasafiri na jiwe la kusagia." Anatembea kwa miguu mwenyewe katika matope haya, na anakutumia ujumbe kwamba maji hatabeba, utabeba wewe na magongo yako.

Leo kwenye kituo cha ushuru cha Wafaranji, mlinzi aliyatazama yale mawe, akamwambia mkalimani wake aniulize: napita au nakaa?

"Nakaa," nikamwambia.

Mkalimani alicheka. "Bwana, watu wa huko wote wanakimbilia huku. Wewe umeshika njia kinyume."

"Andika nakaa."

Akaandika. Kwa hiyo, Baba, serikali ya maadui imenitambua kabla yako.

Ya Tuma nimeyasikia. Nimeyafikiri kama ulivyonifundisha kufikiri, hatua kwa hatua, bila kuruka. Bwana Renier amebakiwa na mguu wako mmoja. Mimi ninayo miwili. Akitaka kuumaliza ubishi huu ana kazi, na wapo watu thelathini na wanane nyuma yetu, na Hilal hatasikia shoka.

Njiani bado ni msafiri na napunguza sala, kama ipasavyo. Tukijaliwa tutafika Alhamisi. Nitengee nafasi pembeni ya jiko, pale pale. Keti unitazame nikisali Alasiri, uhesabu rakaa.

Zitakuwa nne.

Mwanao, mkaazi wa Kafr Sanad,
Mufarrij